Nati Iliyobaki Robo

Mke wa Fundi Sikio alikuwa akiwaambia wageni, bila haya wala kupepesa macho, kwamba yeye ana mke mwenza mwenye magurudumu manne. Mumewe akichelewa kurudi kutoka gereji, alisema yuko kwa bibi mdogo. Akirudi na shati limeloa oili kifuani, alisema bibi mdogo leo amemkumbatia. Wageni walicheka, na Fundi Sikio naye alicheka, lakini kicheko chake kiliishia menoni. Maana mwenye wivu katika nyumba ile hakuwa mke. Alikuwa yeye, na wivu wenyewe ulikuwa wa kitu ambacho hata siku moja hakijawahi kuwa chake.

Lilikuwa gari la Kijerumani, la mbio, la watu wawili, la zamani hasa. Injini yake ilikaa nyuma, pale ambapo magari ya watu wengine hubeba mizigo, na haikuwa na rejeta. Ilipozwa kwa upepo. Mafundi wasiolijua walifungua boneti ya mbele wakitafuta pa kutia maji, wakakuta nafasi ya begi. Vijiweni walisema umbo lake ni mgongo wa chura uliokaliwa na mtu mnene. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyodondoshewa chai kidogo, na ilikuwa rangi ileile ya kiwandani, haijaguswa. Viti vilikuwa ngozi ileile, usukani uleule, hata mpira wa kukanyagia miguuni ulikuwa uleule.

Sasa gari halijitunzi lenyewe, hilo sote tunalijua. Viti vile vilipakwa mafuta na mkono wa Fundi Sikio kila baada ya miezi mitatu. Yeye ndiye aliyetafuta kutu chini ya milango kwa kidole, kama mama anayetafuta chawa kichwani kwa mwanawe. Lakini gari likipita barabarani, watu walimsifu aliyeshika usukani. Mzee, gari umelitunza. Na mwenye gari, kila mwenye gari, alijibu kwa sauti ya upole kwamba tunajitahidi. Tunajitahidi. Nani na nani? Fundi Sikio alilisikia neno hilo miaka thelathini na saba, na kila mara lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kadi ya gari ilikuwa na majina matano. Aliyafahamu kwa mpangilio kama mtu anavyofahamu majina ya wanaume waliomposa mchumba wake kabla yake.

Wa kwanza alikuwa daktari wa meno, aliyelinunua likiwa jipya. Fundi Sikio alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita wakati huo, na alilipenda siku ya kwanza aliyolisikia. Naam, kulisikia, maana huyu bwana hutengeneza kwa masikio, ndiyo asili ya jina lake. Ana kipande cha mpira wa kumwagilia maua, urefu wa mkono. Ncha moja huiweka kwenye mdomo wa kabureta, ncha ya pili sikioni, anafumba macho, anasikiliza pumzi. Lile gari lina kabureta mbili, kushoto na kulia, na lazima zivute pumzi sawasawa. Ikizidi moja, gari linakohoa. Anageuza skrubu kidogokidogo mpaka zilingane, halafu anakaza nati ndogo inayoishika ile skrubu isisogee. Kazi imekwisha.

Daktari wa meno alikuwa na tabia ya kupumzisha mguu kwenye klachi, na Fundi Sikio akiona hivyo alijisikia kama anakanyagwa yeye. Akavumilia. Miaka ikaenda. Siku moja daktari akamwambia, kwa uungwana wake wote, kwamba kuna gereji mpya kubwa, ya sakafu ya vigae, na kuanzia mwezi ujao atakuwa analipeleka gari huko. Alimshukuru sana kwa kazi nzuri. Fundi Sikio akaitikia, akainama kumalizia kazi, akakaza kila kitu. Ilipofika ile nati ndogo ya kabureta ya kushoto, akaacha robo.

Robo mzunguko tu. Hata ukiitazama huioni. Lakini injini inatetemeka, na nati iliyobaki robo hulegea taratibu, na skrubu nayo husogea. Kwenye wiki ya tano gari likaanza kukohoa. Mafundi wa gereji ya vigae walibadilisha plagi, wakabadilisha waya, wakasafisha hiki na kile, gari likazidi kukohoa. Daktari akalirudisha kwa Fundi Sikio mwenyewe, kichwa chini. Fundi akaingiza mpira sikioni, akasikiliza, akageuza, akakaza. Dakika kumi. Daktari alikaribia kumbusu.

Ungekuwa wewe ungeiacha tabia hiyo? Sema kweli. Fundi Sikio hakuiacha. Tangu siku ile, robo ikawa kamba yake ya mbuzi. Mbuzi aende kula kokote atakako, jioni kamba itamrudisha. Aliiacha robo kwa daktari mpaka daktari alipochoka akaliuza, na akaiacha kwa mwalimu mkuu wa shule aliyelinunua. Mwalimu mkuu huyo alikaa nalo miaka kumi na moja akiliendesha polepole kama anasindikiza jeneza, kila wiki ya tano yuko mlangoni akisema, Fundi, limeanza tena. Watu wakasema gari lile zuri lakini lina kisirani, halitaki mtu. Fundi Sikio akiwasikia alikuwa akitikisa kichwa kwa masikitiko, mnafiki mkubwa.

Wa tatu alikuwa mfanyabiashara wa mbao, na kwa huyu, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, robo ilifanya jambo jema. Alitaka kulipaka rangi ya njano. Njano, ya kuku mchanga. Fundi Sikio alirudi nyumbani siku hiyo hakula, mkewe akadhani kuna msiba. Kwa mfanyabiashara yule hakuacha robo, aliacha nusu, na kabla mwaka haujaisha bwana akaliuza akilitukana. Akalinunua mpima ardhi, mtu mstaarabu, akakaa nalo miaka kumi. Alipofariki, gari likabaki kwa mjane wake, mkunga mstaafu, ambaye nusu ya watu wa mji ule walipita mikononi mwake wakiwa uchi na wanalia. Akaandikwa kwenye kadi, jina la tano. Chini yake pakabaki mstari mmoja mtupu.

Kila gari lilipouzwa, Fundi Sikio alikuwa akijipanga alinunue, na kila mara mwenye mfuko mzito alimtangulia. Lakini Mama Mkunga alikuwa jambo jingine. Hakuwa na mtoto wa kulirithi. Macho yalianza kumsumbua. Na siku moja, akiwa amekaa kwenye benchi la gereji na mkoba wake mapajani, alisema kwamba yeye hataliuza. Atampa mtu anayelistahili. Alisema akimtazama Fundi Sikio moja kwa moja.

Basi mwanaume akaenda nyumbani akajenga banda. Nguzo nne, mabati mapya, sakafu ya saruji aliyoisawazisha mwenyewe kwa magoti. Majirani walipouliza, alisema kuna mgeni anakuja. Mkewe alisimama mlangoni mikono kiunoni, akamwambia kwamba yeye amekaa kwenye nyumba inayovuja miaka saba, na leo bibi mdogo anaezekewa kwanza. Fundi akaendelea kugonga misumari.

Na hapo, kama kawaida ya dunia, akaingia shemeji.

Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, fundi wa umeme wa magari, mtu mpole anayepiga mluzi akifanya kazi. Watu walimwita Fundi Waya. Fundi Sikio ndiye aliyemwombea nafasi ya kibanda jirani na chake, kwa shinikizo la mke, na tangu hapo alijutia. Wateja walimpenda bila sababu. Aliazima spana na kuzirudisha zimefutwa. Hakuna kitu kinachoudhi kama mtu unayetaka kumchukia halafu hakupi nafasi.

Gari lile lilikuwa na saa kwenye dashibodi. Ilisimama tangu enzi za mwalimu mkuu, saa tano kasoro dakika kumi, na Fundi Sikio alishawaambia wenye gari wote kwamba saa za magari haya hazina dawa. Siku moja alikwenda mazishini, akaliacha gari gereji. Aliporudi na kuingiza mpira sikioni, akasikia kitu asichokielewa. Tik, tik, tik. Fundi Waya alikuwa ameona waya umekatika nyuma ya dashibodi, akauunga, akaisafisha saa, akaitegesha majira. Hakuombwa, hakudai. Mama Mkunga alipokuja na kuiona, alicheka kama msichana, akasema marehemu mume wake aliitamani saa ile ifanye kazi miaka kumi.

Kijiba cha roho kilimpanda Fundi Sikio mpaka akahisi joto masikioni. Miaka thelathini na saba anapaka viti mafuta, hakuna aliyewahi kucheka hivyo. Na sasa kila akitaka kusikiliza pumzi za kabureta, anasikia na saa ya shemeji ikimhesabia. Safari iliyofuata, gari lilipoletwa, alipeleka mkono nyuma ya dashibodi akauchomoa ule waya. Mama Mkunga alipouliza, akamwambia, si nilisema, saa za magari haya haziponi. Kesho yake shemeji akaikagua. Akautazama ule waya, akaona haukukatika bali umevutwa. Akauunga tena, akauzungushia utepe mweusi mara tatu, akaendelea na mluzi wake. Hakusema neno, na Fundi Sikio angependa sana angesema.

Baada ya hapo Mama Mkunga akalileta gari mwanzoni mwa wiki, akatangaza kwamba hii ni huduma ya mwisho yeye akiwa mwenye gari. Macho yamekataa. Siku ya Ijumaa kadi itapata jina jipya. Alipokuwa akisema hivyo, Fundi Waya alikuwa amechutama kibanda cha pili, anachuna waya, na Mama akageuza shingo kumtazama kidogo. Kidogo tu. Lakini mtu mwenye wivu hakosi kuona.

Fundi Sikio akalifanyia gari kazi kama anamwandaa bibi harusi. Alibadilisha oili, akasafisha breki, akafuta hata sehemu ambazo jicho halifiki. Akaweka mpira sikioni, akazilinganisha kabureta mpaka pumzi zikawa moja. Ikabaki nati. Akaishika kwa spana, na safari hii kweli alisita. Alijiambia, kaza, gari linakuja kwako, unamfungia nani kamba? Kisha akasikia mluzi upande wa pili wa ukuta. Na kama si langu? Kama Ijumaa atapewa huyu mpiga mluzi, aende nalo moja kwa moja asirudi tena? Akaiacha robo, kwa usalama, mara hii moja ya mwisho.

Mama Mkunga alichukua funguo, lakini hakuondoka.

"Fundi, kila kitu umekaza?"

"Kila kitu, mama."

"Hakuna kilichobaki?"

"Hakuna."

Akamtazama kwa muda, kama anamngoja akumbuke jambo. Halafu akashukuru, akaingia garini akaondoka.

Ijumaa Fundi Sikio alivaa shati safi kwenda gereji. Saa nne gari likaingia, likampita, likasimama kibanda cha pili. Alimwona Mama Mkunga akimwita Fundi Waya, akamwona shemeji akifuta mikono na kutikisa kichwa kukataa, Mama akimshika mkono na kumtia kitu kiganjani. Fundi bodi wa upande wa pili, mnyoosha mabati ya magari, akapiga makofi. Fundi Sikio alibaki kwenye benchi lake.

Mama akaja akakaa karibu naye. Akafungua mkoba, akatoa kile kipembe cha mbao ambacho wakunga husikilizia mapigo ya mtoto tumboni. Kilikuwa kimeng'aa kwa kushikwa. Akakiweka kwenye benchi kati yao.

Akamweleza taratibu, bila hasira. Wiki aliyomzika mume wake, gari lilianza kukohoa, na yeye hakuwa na nguvu ya kuja gereji. Akafungua nyuma, akaweka kipembe chake kwenye kabureta moja, kisha ya pili, kama alivyomwona fundi akifanya na mpira wake. Kushoto ilikuwa inavuta zaidi. Akagusa nati, ikazunguka kwa vidole. Aliporudi kutoka gereji mara iliyofuata, alisimama kwenye kona ya kwanza tu, akafungua, akagusa. Imebaki robo.

"Mara ya kwanza nilisema umesahau," alisema. "Ya pili nikasema uzee. Ya tatu nikajua ni wewe."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Mjamzito akinidanganya, simwiti mwongo. Namngoja. Mwisho mtoto mwenyewe anasema." Akakirudisha kipembe mkobani. "Nimekungoja miaka sita, Fundi. Kadi nilikuwa natembea nayo humu, nimeshaisaini, jina tu halijaandikwa. Siku moja tu ungenirudishia gari limekazwa, ningekuachia funguo hapohapo. Jumatatu nilikuuliza mara mbili."

Fundi Sikio alitaka kumwambia kwamba alikaribia, kwamba spana ilikuwa mkononi.

Mama Mkunga akasimama, akajinyoosha kiuno. Akasema kwamba yule wa pili alimpa saa asiyoiomba, na ilipochomolewa akairudisha bila kumtaja aliyeichomoa. Kisha akamuaga kwa adabu zote, kama mtu anavyomuaga fundi wake wa miaka mingi, akaenda zake kwa miguu.

Nyumbani, mke alikuwa na habari tayari. Safari hii hakufanya utani wa bibi mdogo, na hilo lilimuuma mume kuliko utani. Jioni shemeji akaja, akakaa kwenye ncha ya kiti, akasema hakuliomba, na kama shemeji anataka watalitumia wote, wiki hii huyu, wiki ijayo yule. Fundi Sikio akamjibu kwamba wanawake wa kupokezana viungo vyake haviwawezi. Kisha shemeji akasema lile lililomleta hasa. Yeye ni mtu wa waya, kabureta hazijui, na Mama amemwambia asisubiri gari likohoe, ile ya kushoto itazamwe mapema. Akaomba amtazamie.

Asubuhi lilikuwa limesimama kwenye kibanda chake, kama siku zote, rangi ya maziwa na chai. Fundi Sikio alifungua nyuma. Mpira sikioni, macho kayafumba. Saa ikilia tik, tik, aliiacha ilie. Akazilinganisha pumzi. Akashika nati, akakaza, na mkono wenyewe kwa mazoea ukasimama penye robo. Alikaa hapo muda mrefu na spana yake. Alijua fika: akiiacha, baada ya wiki tano gari litarudi, na atakuwa nalo nusu saa. Akiikaza, halirudi. Aliuona uso wa Mama Mkunga ukimngoja akumbuke. Akakaza mpaka mwisho. Kilikuwa kizunguko kidogo sana, hata bega halikusogea.

Wiki ya tano ikafika. Fundi Sikio alijikuta anasikiliza barabara. Kila asubuhi saa mbili gari lilipita, shemeji akipiga honi ya salamu, na injini ikipumua kama mtoto aliyelala. Wiki ya sita, vilevile. Ya saba, vilevile. Banda likawa limeshaingiwa na kuku wa mkewe, na kuku hawakuuliza lilijengwa kwa ajili ya nani.

Wiki ya nane, gari likipita, fundi bodi aliacha kugonga bati akalisindikiza kwa macho. Akasema kwa sauti ya kusikika vibanda vyote kwamba hakika Fundi Waya ni fundi. Gari limekohoa miaka na miaka, limemshinda kila mtu, yeye kalishika miezi miwili limepona. Kumbe siku zote lilikuwa tatizo la umeme.

"Nilitengeneza mimi," Fundi Sikio alisema.

Fundi bodi akamgeukia, akacheka, wala si kwa ubaya. "Wewe? Mzee wangu, si lilikuwa kwako miaka yote hiyo? Mbona lilikuwa haliponi?"

Wengine nao wakageuka, wakimngoja ajibu. Jibu alikuwa nalo. Lilikuwa fupi na la kweli, na lingemrudishia sifa yake kwa mkono mmoja na kumnyang'anya jina lake kwa mkono wa pili. Mluzi ulikuwa umeanza kibanda cha jirani. Fundi Sikio aliutazama ule mpira wa kumwagilia maua uliokuwa mkononi mwake.

"Labda ni umeme," akasema, akautundika mpira kwenye msumari wake.